Mgeni wa Upande wa Kushoto

Kamalondo, Lubumbashi, 1974

20 Oktoba

Daftari hili amelinunua Yuma, bwana yangu, kwa sababu ya kinywa changu. Siku ya Idi nilimwambia mke wa katibu wa timu, mbele ya sahani ya pilau, kwamba wanaokula jasho la wachezaji mwaka mzima wasije kujifanya wamechoka na mfungo. Yuma alisikia aibu mpaka kwenye masikio. Leo akaniletea daftari la shule na kalamu. Akasema: "Mama Adija, hasira yako uiandikake humu. Karatasi haina jirani."

Basi naandika. Nilisoma miaka minne tu kwa masista, kiisha nikatolewa kuja kulea wadogo zangu. Nikikosea, karatasi itavumilia.

Msimu wa mpira umekwisha. Timu yetu, Nyota ya Kafubu, imekuwa ya tatu, na sasa ndio wakati wa kuibiana wachezaji. Kila timu inajenga kikosi chake kipya mpaka tarehe 30 ya mwezi ujao, saa sita mchana, ofisi ya ligi inapofunga lisanse, vibali vya wachezaji. Aliyesaini amesaini. Mchezaji anayetafutwa sana anafichwa nyumbani kwa watu wa timu, asinyakuliwe. Mwaka jana watu wa Mwangaza, wapinzani wetu, walimbeba mlinda mlango wetu kutoka kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa nusu bado. Alisaini hivyo hivyo.

Yuma ni beki wa kushoto wa Nyota, mwaka wa saba huu. Nyumba tunayokaa ni ya timu. Beki akitoka, nyumba nayo inatoka. Ndiyo maana kila mwaka wakati huu nahesabu siku, na mwaka huu nina Adija, miezi minane, ambaye hajui kwamba paa lake limefungwa kwenye mguu wa baba yake.

22 Oktoba

Joto. Moshi wa kiwanda umeshuka mpaka kwenye nguo nilizoanika. Nimefua mara mbili.

25 Oktoba

Saa saba mchana kamiyo, lori ya samaki, ilisimama mbele ya parsele yetu, kiwanja cha nyumba. Nyuma yake gari la Citoyen Kalaba, rais wa timu; siku hizi kwa amri kila mtu ni Citoyen, mwananchi. Mwaka jana alikuwa karani kama makarani wengine. Ikaja siku ile serikali ilipowanyang'anya wageni maduka ikayagawa, akaamka ana duka la Mgriki, gari la Mgriki na villa ya Mgriki kule Golf, mtaa wa matajiri. Hata mbwa alibaki. Watu wanasema anasikia Kigriki tu, Citoyen akimwita anamwangalia tu.

Wakaondoa mafungu ya samaki wakavu, na chini yake akatoka kijana mrefu, mikia ya samaki imeshika kwenye nywele.

"Mama Adija, huyu anaitwa Mwaba, anatoka ku Kasenga," Citoyen Kalaba akasema, amenivuta pembeni. "Iko mushambuliaji. Anafungaka bagoli sawa vile muntu anatema mate. Utamuficha kwako mpaka tarehe makumi tatu. Muntu asimuone."

"Juu ya nini kwangu? Kwa katibu kuna vyumba vinne."

"Kwa katibu Mwangaza batatafuta kwanza. Kwako hapana. Na kuficha muchezaji iko salongo, kazi ya lazima ya timu, citoyenne. Salongo haina juu ya nini."

Akarudi kwenye gari lake. Kijana akabaki katikati ya kiwanja, mikono imeshika kofia. "Yaya," akaniambia, kama mtu na dada yake mkubwa, "unisamehe harufu."

Adija akamcheka. Mtoto huyu huwa analia akiona wageni.

27 Oktoba

Mgeni, mtoto wa mvuvi aliyekufa, anakula bukari, ugali wetu, ya watu watatu. Timu haijaleta hata kopo la unga. Salongo haina unga.

29 Oktoba

Leo alikuja Floribert, mtu wa Mwangaza, yule anayewatafutia wachezaji. Kwenye karatasi zake ameandikwa jina la babu kama inavyotaka sheria mpya inayokataza majina ya Kizungu, lakini sokoni kila mtu bado anamwita Floribert. Ana baiskeli yenye kengele, na kengele hiyo wake wote wa wachezaji wanaijua.

"Mama, bwana iko?"

"Haiko."

"Anarudi saa gani?"

"Mvua ikianza."

Yuma kweli hakuwepo, kila jioni anakimbia njia ya Luano mpaka uwanja wa ndege na kurudi. Lakini Mwaba alikuwa chini ya kitanda, na urefu wake wote ule, miguu ilitokea upande wa pili. Nilisimama mlangoni na Adija mgongoni, nimejipanua kama kuku anayetamia. Floribert akaangalia kiwanja, akaangalia dirisha, akaenda.

Nilijisikia mwanamke wa timu. Nilimwambia Yuma wakati wa chakula, akanipongeza.

1 Novemba

Mawingu bila mvua. Nyuma ya ua wa matete Yuma anamfundisha Mwaba. Nawasikia: "Usimwangalie macho. Macho yanadanganyaka. Angalia kiuno." Nikajiuliza mshambuliaji anafundishwa vipi kuangalia kiuno cha mtu. Kiisha sombe, majani yangu ya muhogo, ikaanza kuungua nikaacha kujiuliza.

4 Novemba

Kengele tena. Floribert ameleta sukari ya mtoto, imefungwa kwenye karatasi ya bluu.

"Mama, nina neno kidogo kwa bwana. Ku njia siwezi kumusimamisha, bantu ya Nyota bataniona."

"Neno yako ninaijua. Beba sukari yako. Hata gunia haitafungua huu mulango."

Kapinga, jirani yangu Mkasai anayeuza mikate, alikuwa anaangalia juu ya ua. "Eh, Mama Adija," akasema, "sukari ilikuwa yangu, ungenitupia."

7 Novemba

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Nilikuwa naanika nepi za Adija. Mwaba alikuwa amemkalisha juu ya mguu wake, anamrusha kidogo kidogo kama mpira, mtoto anacheka mpaka anakosa pumzi. Mguu ule ulikuwa wa kushoto. Niliona, nikapita. Kiisha nikamuuliza kwa kumchezea tu: "Kasenga ulifunga bagoli ngapi, mushambuliaji?"

Akashangaa. "Goli? Yaya, miye maisha yangu yote nafunga goli moja, na ile ilikuwa yetu wenyewe. Miye njo muntu wa kuzuia."

"Kuzuia wapi?"

"Nyuma. Upande wa kushoto. Citoyen Kalaba alikuya mwenyewe kule kwetu ku Luapula kuniangalia. Akasema beki ya kushoto ya Nyota inazeeka, banatafuta damu mupya." Akamshika Adija vizuri. "Yaya, huyu beki ya zamani iko nani? Natafuta kumusalimia, nisikuye sawa mwizi."

Nepi ilianguka mchangani. Kijana wa watu alikuwa hajui. Hakuna aliyemwambia Yuma anacheza wapi. Alidhani mwenye nyumba ni kocha mdogo anayemlea.

Basi nimeelewa kwa nini kwangu. Mwangaza watatafuta kwa katibu, kwa mweka hazina, kwa mashabiki wa mitaa ya Kenya na Katuba. Lakini nani atafikiri kwamba beki anaficha chini ya kitanda chake mtu wa kumtoa? Kweli ni mahali pazuri sana. Citoyen Kalaba ana akili. Ameniwekea mwizi nimpikie, nimfulie, nimlindie mlango na mtoto mgongoni, na nijisifu.

Nilimwambia Mwaba ukweli, maneno machache. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Chakula cha jioni hakula.

8 Novemba

Jana Yuma aliporudi nilimwambia. Alikuwa anavua viatu. Akaendelea kuvua.

"Nilijua siku ya kwanza," akasema. "Nilimurushia chungwa, akaisimamisha na mguu ya kushoto. Mushambuliaji hasimamishake vile."

"Na ukanyamaza? Na ukamufundisha?"

"Mutoto anajua mpira, Feza muke yangu. Kumuharibu haitanipatia magoti mupya. Na Kalaba atanieleza. Miaka saba namuchezea. Atakuya, atakaa, atanieleza."

Nilimkasirikia usiku kucha. Nimeolewa na mtu anayengoja adabu kwa watu wasio nayo.

10 Novemba

Nilivaa kitenge cha Idi nikaenda Golf kwa miguu, Adija mgongoni. Mlinzi akanisimamisha langoni kwenye jua mpaka mtoto akaanza kulia. Mbwa wa Mgriki alikuja kutuangalia. Yeye tu alikuwa na heshima.

Citoyen Kalaba alinipokea kwenye baraza, amesimama, ili nami nisikae. Alisema mambo mengi. Kwamba Yuma ni mwana wao. Kwamba kikosi ni kama taifa, kila militant wa chama ana nafasi yake. Kwamba Mwaba atapelekwa mbele, mrefu vile ni wa kichwa. "Nafasi ya Yuma iko, nyumba yenu iko. Nani alikuambia mambo hii?"

"Mwaba mwenyewe."

"Muntu ya samaki. Anajua nini."

Nilirudi mwepesi. Nataka kuandika ukweli: niliimba njiani.

11 Novemba

Mvua ya kwanza, na harufu yake. Nilimtoa Adija aisikie kichwani. Labda Citoyen si mbaya, labda ni midomo tu.

16 Novemba

Inanyesha kila mchana. Floribert alikuja tena, matope mpaka magotini. Sikungoja neno. Nilikuwa na ndoo ya maji niliyooshea masufuria, nikammwagia yote, kuanzia kofia. Alisimama pale anatiririka maji. "Mama," akasema polepole, "unanionea." Akaondoka anasukuma baiskeli.

Kapinga alicheka mpaka akakaa. Na mimi nilicheka. Mwaba hakucheka.

21 Novemba

Asubuhi akaja fundi Amadi, seremala wetu wa msikitini, na kamba ya kupimia. Akasalimu vizuri, akauliza mtoto, akauliza wazee. Kiisha akaingia chumba chetu cha kulala akaanza kupima ukuta.

"Fundi, unapima nini?"

"Kitanda, Mama. Citoyen Kalaba alisema kile cha zamani munatoka nacho tarehe moja, na huyu kijana mupya iko murefu, anaomba kitanda cha urefu wake." Akaniangalia. Kamba ikalegea mkononi. "Mama, hawajakuambia?"

Hakupima tena. Aliomba maji, akanywa, akaondoka bila kukunja kamba, inaburuta kwenye matope.

Hawa watu wamemwambia seremala. Kabla ya kumwambia Yuma aliyevunjika mkono kwa ajili yao kule Kolwezi akamaliza mechi, wamemwambia seremala.

Kumbe Golf niliimba.

Mchana Mwaba alifunga nguo zake kwenye kitambaa. "Yaya, narudia ku Kasenga. Miye sikuomba kitanda."

"Ukirudi, utafanya nini?"

"Nyavu. Sawa baba."

"Na baba alikufa namna gani?"

"Maji," akasema.

Nikamnyang'anya kitambaa, nikafungua, nikakunja nguo moja moja. Nikamwambia kosa si lake na asitoke mpaka nimwambie.

Lakini nitaandika na hili, kwa sababu karatasi haina jirani. Kwa muda wa kupika chungu kimoja nilifikiri: kengele ya Floribert ikilia, nifungue tu. Nikae pembeni. Wambebe Mwaba, akasaini kwao, na Citoyen Kalaba abaki na kitanda kirefu bila mtu. Nilifikiri vizuri kabisa, mpaka nikaona Adija amelala kwenye bega la kijana yule, mate yanamtoka kwenye shati lake. Mtu aliyekula chumvi yangu simuuzi. Citoyen alijua hilo pia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: wema wangu ndio aliohesabu.

24 Novemba

Sikukuu ya Serikali. Tumechezeshwa na kuimbishwa uwanjani, mvua inanyesha. Citoyen Kalaba alikuwa chini ya mwavuli. Alinipungia mkono.

25 Novemba

Inswa, wale kumbikumbi wa mvua, zimetoka, zimejaa taa zote. Nimekaanga sinia nzima. Yuma na Mwaba walikula pamoja, kama ndugu waliofiwa. Yuma bado anangoja kuelezwa.

27 Novemba

Nimeketi. Nahitaji kuketi.

Kapinga amerudi kutoka sokoni, ametua karai lake la mikate mlangoni pangu, akasema: "Mama Adija, mule mu soko Floribert iko analia juu yako."

"Alie. Muchezaji wetu hamupati."

"Muchezaji gani? Njo maana nilikuya mbio. Anasema beki yao ya kushoto alihamia Likasi, banatafuta muntu mwenye kichwa, mwenye kufundisha batoto nyuma. Anasema: miye nataka Yuma, na muke ya Yuma iko ananimwangia maji ya masufuria."

"Yuma wangu?"

"Kuna Yuma wangapi mwenye muke wa ndoo?"

Nilirudisha yote kichwani. Bwana iko? Nina neno kwa bwana. Sukari. Sikuwahi kumwacha amalize. Nilikuwa nimejaa kuficha mtu mmoja mpaka sikuweza kufikiri kwamba mtu mwingine katika nyumba hii anaweza kutafutwa. Hata mimi. Hata mimi, mkewe, nilimwona Yuma kama wanavyomwona wao.

Yuma akasikia habari. Akashika magoti yake. "Kumbe natafutwa," akasema. Sijamwona na uso ule tangu Adija alipozaliwa.

28 Novemba

Nilimtafuta Floribert sokoni, kwa kinyozi, kwenye baa ambayo sikuingia, nikauliza mlangoni. Amekwenda Likasi. Watu wakasema labda ameshapata beki kule. Nilimwachia Kapinga ujumbe: ndoo haina maji.

29 Novemba

Mvua. Hakuja.

30 Novemba

Asubuhi mvua ilikuwa ya kimya, ile isiyoisha. Yuma alivaa shati lake la heshima, akaketi barazani. Saa tatu ikapita. Saa nne likaja gari la Citoyen Kalaba, naye ndani na abakosti mpya, ile suti ya wakubwa wa chama, na nyuma fundi Amadi na kijana wake kwenye mkokoteni wenye kitanda. Amadi hakuinua macho.

Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango, Adija mapajani. Mwaba alikuwa ndani.

"Citoyenne, umutoshe kijana inje, tunachelewa."

"Kitanda ni yako, Citoyen. Nyumba ni yako. Mugeni njo wangu. Ulimuleta kwangu, atatoka kwa mulango yangu. Lakini kwanza utamuambia bwana yangu. Na kinywa yako."

"Kumuambia nini?"

"Ile uliambia fundi."

Majirani walikuwa wamejipanga chini ya paa lao. Kapinga ameacha mikate yake inaungua, harufu ilifika. Nilimsogezea Citoyen kigoda changu cha kupikia, kile kifupi, na hapo alipo ndipo mvua inapodondokea kutoka kwenye bati. Akaangalia saa ya Mgriki mkononi. Akaangalia mlango. Akakaa. Magoti yakamfikia kidevuni.

"Yuma," akasema, "timu inakushukuru. Unajua, kikosi iko sawa taifa, inaomba damu..."

"Sema beki," nikasema.

Maji yakamwingia kwenye kola.

"Mwaba atacheza beki ya kushoto. Weye utapumzika. Nyumba... munaiacha kesho."

Yuma alikuwa amesimama. Akanyoosha mkono, akamsalimu kama mtu aliyeletewa zawadi. "Asante, Prezida. Nilikuwa nangoja unieleze tu. Kwa miaka saba, maneno kidogo hivi haikuwa mingi kuomba."

Nikatoka kwenye kizingiti. Mwaba akaja na kitambaa chake. Hakwenda kwenye gari. Alimwendea Yuma, akapiga goti kwenye matope, akapiga makofi polepole, mikono imekunjwa, kama watu wa Luapula wanavyosalimu mkubwa. Abakosti ikaendelea kulowa. Yuma akamwinua. "Kiuno," akamwambia. "Usisahau kiuno."

Gari lilipoondoka saa tano ilikuwa imepita. Nilianza kufunga masufuria kwenye shuka, nisilie. Ndipo nikasikia kengele.

Alisimamia mbali, nje ya matete, mguu mmoja chini, tayari kukimbia. Likasi ilikuwa imempaka matope hadi usoni.

"Mama," Floribert akaita. "Leo ndoo iko na kitu?"

"Iko kavu."

"Nionyeshe."

Nikaigeuza juu chini mbele ya watu wote. Kapinga akacheka, kiisha Amadi, kiisha wote. Yuma akapanda nyuma ya baiskeli, mtu mzima na shati la heshima, miguu imeinuliwa juu ya madimbwi, na Floribert akakanyaga kuelekea ofisi ya ligi. Adija aliwapungia mpaka kona.

Walifika. Karani alikuwa ameshashika ufunguo. Yuma ananiambia Mwaba alikuwa bado ndani, amesaini, na aliposikia mlango unafungwa aliegemea kwenye ubao wake na ule urefu wote, usifungike, mpaka Yuma akaingia, naye akasaini.

3 Desemba

Tunakaa chumba kimoja kwa Kapinga mpaka Mwangaza watafute nyumba. Bati linavuja upande wa miguu. Kitanda chetu kimeingia, fundi Amadi alikuja kukikaza bure.

Leo nimefua jezi ya Mwangaza. Miaka yote maji yangu yalitoka bluu, leo yametoka manjano, Adija akaingiza mikono.

Kapinga ameniuliza, siku Mwangaza na Nyota watakutana, Yuma kushoto huku na Mwaba kushoto kule, nitakaa upande gani. Nimeshafikiri. Nitakaa jukwaani, mbele kabisa ya kiti cha Citoyen Kalaba, Adija mgongoni, na kitambaa cha kichwa nitakifunga kirefu, kama mnara wa kiwanda, asione hata mpira mmoja.